Haki na Mapendo: Ugomvi wa Waandikaji Wawili

Siku hizi kila mwenye telefoni amekuwa mwandikaji wa gazeti. Katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook tunabishana juu ya mambo ya serikali, na jua halijachwa, mabishano yamekwisha kugeuka matusi. Hata sisi wafundishaji wa dini tumo. Papa Fransisko, katika barua yake Fratelli tutti ya mwaka 2020, alionya kwamba hata katika magazeti na mitandao ya Wakatoliki watu wanavuka mpaka na kuchafuliana majina. Basi inafaa tupime ugomvi mmoja wa zamani, wa watu wawili waliojua kuandika.

Mwaka 1944, Paris ilipookolewa katika mikono ya Wadachi, Wafaransa waliulizana: tuwatende nini wenzetu waliomsaidia adui? Albert Camus, kijana asiye na dini, aliandika katika gazeti Combat kwamba haki lazima itendeke, hata kwa adhabu ya kufa. Rafiki yake René Leynaud, mtunga mashairi, alikuwa ameuawa na Wadachi mwaka ule ule. François Mauriac, Mkatoliki wa miaka karibu 60, mtunga riwaya, alijibu katika Le Figaro akiomba huruma. Gazeti Le Canard enchaîné likamcheka, likamwita mtakatifu Fransisko wa tribinali.

Uzuri wa maandiko yao ni huu: kila mmoja aliyasoma kweli maneno ya mwenzake mbele ya kuyajibu. Lakini makosa yapo. Mwezi wa Januari 1945 Mauriac, akitetea mapendo, mwenyewe alikosa mapendo: alimtania Camus kwa sababu ya ujana wake. Mzaha ule haukuongeza nguvu ya neno lake, uliipunguza. Naye Camus aliweka haki upande mmoja na mapendo upande mwingine, kana kwamba ni lazima kuchagua. Hilo ni kosa kubwa zaidi, maana ni kosa la mawazo, si la ulimi tu.

Kisha maneno yalipimwa kwa matendo. Mwezi ule ule tribinali ilimhukumu afe Robert Brasillach, mwandikaji aliyewachochea watu juu ya Wayahudi, na aliyemtukana Mauriac katika gazeti lake. Mauriac alikwenda kumwombea kwa Jenerali de Gaulle. Camus alimchukia mtu yule, lakini alichukia adhabu ya kufa zaidi. Akatia sahihi kwenye barua ya kumwombea. De Gaulle alikataa, na Brasillach alipigwa risasi tarehe 6 Februari 1945.

Baadaye Wadominiko wa Paris walimwalika Camus. Mbele ya watu wote alikiri kwamba, katika ugomvi ule, Mauriac ndiye aliyekuwa na haki. Hakujifanya Mkristu, tena aliwaambia Wakristu wazi kwamba katika miaka ya vita dunia ilingojea sauti yao kubwa, wala haikuisikia vema. Kwangu mimi, ungamo lile lapita makala zake zote za ugomvi. Mtu aliyetukanwa sana hawezi kukiri hivi kwa urahisi. Mauriac alimtania, ndiyo, lakini hakumfungia mlango.

Sisi je? Mwandikaji wa gazeti alikuwa na usiku mmoja wa kufikiri. Telefoni haitupi hata dakika. Tena katika Kivu, tangu vita vya M23 kurudi mwaka 2021, neno «msaliti» si neno la mchezo. Laweza kumletea jirani kifo. Mseminari au mkatekista anayelipeleka mbele kwa kidole, bila kuuliza kama ni kweli, asiseme: mimi sikuandika, nilipitisha tu. Aliyepitisha moto ameunguza nyumba pamoja na aliyeuwasha.

Tubishane basi, maana kunyamaza mbele ya uovu si upole. Lakini tuandike kwa namna ambayo adui yetu, akigeuka kesho, ataona mahali pa kupita.