Mahali pa Kutega

Kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, mvuvi hategi mto mzima. Anasimamisha miti mirefu katika matundu ya mwamba, anaifunga ishikane, kisha anashusha mgono, kile kikapu kipana mdomoni na chembamba mkiani, palepale ambapo mkondo unamlazimisha samaki kupita. Kwingine kote anapaacha. Kila nikimtazama namkumbuka mwanahisabati Leonhard Euler na namba 2147483647.

Ukizidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha ukatoa 1, unapata namba hiyo. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hilo la Kiswahili nalipenda kwa ukali wake, ingawa Kifaransa cha shuleni, kinachoiita namba “ya kwanza”, kimelenga karibu zaidi. Hizi tunazoziita tasa ndizo zinazozaa nyingine zote zilizo zaidi ya 1 kwa kuzidishana.

Kwenye mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa miaka ya 1950 kando ya Ziwa Edward, humu humu nchini mwetu, kuna safu ya chale 11, 13, 17 na 19. Ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, kwenye mfupa wa miaka ipatayo 20,000. Naona fahari. Lakini chale hazisemi kama mwenye kuzichanja alijua alichokiandika, na ufundi ninaousifu ni wa kujua kwa hakika.

Mwaka 1772 Euler alikuwa St. Petersburg, macho yamekwisha karibu kabisa kumtupa. Ili kuhakikisha namba ile ni tasa, inatosha kuijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi 46340, maana kigawanyo kikubwa zaidi ya hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo. Namba hizo ni 4,792. Mtu angeweza kuzigawa moja moja mpaka achakae. Euler alianza kwa kuusoma mkondo. Alionyesha kwamba kigawanyo chochote, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Ukiacha 1 na 63 zenyewe, chini ya 46340 zinabaki 372 tu za namna hiyo, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo nazo zinaachwa. Zinazostahili mgono hazifiki mia.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Kugawa anaweza kila mwenye subira. Kujua kwa uthibitisho ni wapi huna haja ya kugawa, huo ndio ufundi, na Euler aliufanya gizani. Kila alipotega, kikapu kilipanda bila samaki, na kila kikapu kitupu kilikuwa mavuno yake.

Jana jioni nilikaa na kalamu na daftari, nikaanza na ya kwanza katika orodha, 311. Ikabaki 35. Inayofuata ni 1303. Nikagawa polepole, nikarudia kuhakikisha. Ikabaki 226.