Ndoto na Wasiwasi wa Mchezaji katika "Nairobi Half Life"

Mwaka 1976 ilitolewa sinema iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968. Habari yake ni ya manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji, na kila aijuaye historia ya pwani hii hutambua kuwa chanzo chake ni Königsberg, iliyokomea humo Julai 1915. Lakini picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Mtu wa Maparoni, azoeaye kwenda na mtumbwi kwa kuyafuata maji yakijaa na kupwa, angeitazama sinema hiyo nzima asiuone mkoko mmoja wa kwao, ingawa jina la mto wake latajwa.

Mtu akuaye akitazama picha zisizomhusu, hujifunza kujiona kwa macho ya nani? Swali hilo ndilo kiini cha Nairobi Half Life, sinema ya Kenya iliyoongozwa na David Gitonga mwaka 2012. Mwas, kijana wa kijijini, huuza diski za sinema za kigeni, naye huwavuta wateja kwa kuziigiza: huruka, hupiga risasi kwa vidole, hunguruma kwa sauti za mashujaa ambao hawajapata kusikia jina la kijiji chake. Wateja hucheka, naye hukidhani kicheko chao kuwa ni cheti. Hapa watungaji wamefaulu sana. Mwas hauzi diski tu; hujiuza mwenyewe akiwa ndani ya ngozi ya mtu mwingine, na kwa hiyo hana hakika kama asifiwaye ni yeye au ni ngozi ile.

Nairobi humnyang'anya mali siku ile ile afikapo, kisha humtia mahabusu. Hata huko, anapolazimishwa kusafisha choo, kuigiza ndiko kumwokoako. Baadaye huishi maisha mawili: mwizi pamoja na genge la Oti, na mchezaji katika jumba la michezo. Wasiwasi wake husikika zaidi katika ulimi kuliko katika uso. Kwao kuna Kikikuyu, kwa wezi kuna Sheng, na kwa wenzake wa jukwaani, ambao wengi wamezaliwa katika raha, kuna Kiingereza. Katika kila lugha huwa kama mgeni aliyevaa nguo za kuazima, akichelea kwamba mwenye nguo atatokea wakati wowote azidai. Wako wanaosema kuwa sinema hii ni ya ujambazi. Lakini ujambazi ndani yake ni chuo kingine cha uigizaji tu. Ukali wa Oti ni vazi. Sare ya polisi walao pamoja na wezi ni vazi pia, tena baya kuliko yote, kwa sababu watazamaji wake hawakukata tiketi kwa hiari.

Udhaifu uko mwishoni. Genge likiisha kuangamizwa, Mwas husimama jukwaani na kuwaambia watazamaji yale ambayo sinema ilikwisha kuyaonyesha kwa ufasaha bila maneno. Hotuba ile yampa mchezaji ushindi mwepesi mno, kana kwamba jukwaa limemtibu yule liliyemfundisha kujificha. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo, na alistahili. Uso wake husadikisha hata pale maneno yanapolegea.

Amina amedhulumiwa zaidi. Naye huuza sura isiyo yake kila usiku, kwa watu wasiotaka kumjua, na pengine huijua kazi ya kuigiza kuliko wote waliomo. Lakini watungaji wamemwachia kuwa mpenzi wa huyu na tamaa ya yule, wala hakuna mahali anapoulizwa yeye angependa kumwigiza nani.