Strauss na Maana ya Kisasili

Das Leben Jesu, kitabu alichokitoa David Friedrich Strauss mwaka wa 1835, kilimponza mwandishi wake: aliondolewa kazini Tübingen, na mwaka wa 1839 wakazi wa Zürich wakampinga hata akastaafishwa kabla ya kufundisha somo lolote. Ghadhabu hiyo, kwa sehemu kubwa, ilizuka kwa kuwa kisasili kilidhaniwa kuwa uongo. Strauss hakukana kwamba Yesu aliishi, wala hakuwaita wanafunzi wa Yesu wazushi. Kisasili kwake ni hadithi ambayo jamii huitunga pasipo hila, ikiivisha imani yake vazi la matukio; jambo ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hahitaji kuelezwa mara mbili. Hivyo mikate iliyowashibisha maelfu inafuata nyayo za mana ya Musa na mikate ya Elisha.

Lakini msalaba je? Tacitus, asiyewapenda Wakristo, anataja kuuawa kwa Kristo chini ya Pontio Pilato. Paulo naye akiri kwamba msalaba ni kikwazo kwa Wayahudi. Strauss anaukubali kuwa tukio la kweli, ila mbinu yake haielezi vya kutosha kwa nini visasili vitukufu hivyo vilimzunguka mtu aliyekufa kifo cha mtumwa.