Darubini Inayompiga Mchunguliaji

Mpwa wangu wa Kibaha alikuwa akinisomea barazani vitabu vya J. K. Rowling, na kila alipokwama alinitaka nimfasirie. Neno darubini halikunisumbua. Tumelirithi kwa Waajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Lililonisumbua ni kazi ya chombo chenyewe.

Katika riwaya hizo, mwanafunzi wa uchawi hununua darubini ya kawaida, akapanda mnarani usiku wa manane kutazama nyota. Za kichawi ni nyingine. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, Harry ananunua darubini ya kutazamia mchezo, iwezayo kurudia yaliyopita na kuyapunguza mwendo. Akazama humo hata bao likafungwa asilione. Katika cha sita, cha 2005, Hermione anaishika darubini ya mapacha wa Weasley, nayo ikamchapa ngumi ya jicho.

Wengi hucheka wakapita. Mimi naona hapo ndipo penye hekima: chombo cha kichawi hakimfichui jirani, bali humrudi mwenye kuchungulia. Hata katika Alfu Lela Ulela, Mwanamfalme Ali ananunua Shiraz bomba la pembe ya ndovu limwonyeshalo lolote alitakalo, akamwona Nurunnahari yu mahututi. Lakini kuona hakukumponya. Lilihitajika zulia la Husein kuwafikisha, na tufaha la Ahmad kumwinua.

Sasa twende Kisarawe. Huko mzee mmoja alinihadithia habari za beseni la maji na kioo cha mganga, ambamo mwenye kuuguliwa huonyeshwa sura ya adui yake. Na sura hiyo aghalabu huwa ya bibi kizee wa jirani. Chombo hicho hakimpigi mtazamaji hata siku moja. Apigwaye ni aonekanaye. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilikwisha kukataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na bado vikongwe wameuawa nchini kwa kutajwa tu.

Nasi washairi hatuna usafi wa kujivunia. Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail uliohaririwa na Peter Lienhardt na kuchapwa mwaka 1968, ni sifa za mganga mfichua wachawi. Uzuri wa tungo hiyo haunizuii kuuliza: nani atawatungia sifa waliotajwa?

Kasoro ya Rowling ni hii, kwamba jicho la Hermione linapakwa dawa, weusi ukafutika, na funzo likafutika nao. Laiti angeliacha alama ile idumu kurasa chache zaidi, mzaha ungekomaa ukawa hoja.

Tulipofunga kitabu, kijana akaniuliza, "Mjomba, darubini ile ya ngumi ingelikuwapo kweli, ungeinunua?"

Nikamjibu kuwa ningenunua nyingi, nikapeleka moja katika kila kilinge.