Injini ya Mjapani, Chesisi ya Mwingereza

Land Rover 109 inapopanda kutoka bonde la Rukwa na shehena ya mpunga, anayeyajua magari hana haja ya kufunua boneti. Mlio ule si wa injini iliyotoka nayo kiwandani Solihull. Ni wa dizeli ya Kijapani, pengine Nissan TD27, pengine Isuzu 4JB1, iliyong'olewa kwenye gari lililokwisha na kufungwa humo na fundi wa Sumbawanga. Kati ya injini hiyo na gia boksi ya Mwingereza kuna bamba la chuma ambalo hulipati duka lolote la spea. Sifa zangu leo ni za bamba hilo.

Wamarekani kazi ya namna hii wameipa jina na majarida. Miaka ya 1930 na 1940, vijana wa kusini mwa California walichukua Ford kuukuu, wakazivua kila kilichozidi uzito, wakaziongeza injini nguvu na kwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Kipenzi chao kikawa Ford ya 1932, gari la bei nafuu lenye injini ya V8. Kwa kuwa Ford zilikuwa nyingi, punde wakatokea wa kuwauzia vipuri maalumu, na mwaka 1948 likazaliwa jarida la Hot Rod. Ila walikuwepo wakaidi waliochagua Hudson au Studebaker. Hao hawakuwa na pa kuagizia, walichokihitaji walikichonga. Mafundi wa Ufipa, uwanda huu wa Sumbawanga, wote wamo kwenye kundi hili la pili, bila kuulizwa. (Ziwa la tambarare hata sisi tunalo, Rukwa, ambalo maji yake hupanuka na kusinyaa. Atakayependa kushindania mbio kwenye tope lake aende, mamba watamshangilia.)

Huku hakuna anayetafuta mwendo kasi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko takriban mita 1,000 chini yake, ukishateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Dizeli ya zamani ya Land Rover, ile ya lita mbili na robo, ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 62 ilipokuwa mpya kwao. Hapa mjini zinabaki kama 50, na hapo gunia bado halijapakiwa.

Basi kwa nini gari lenyewe lisitupwe? Kwa sababu ya bodi. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ikabidi bodi itengenezwe kwa mchanganyiko wa alumini. Bodi hiyo haili kutu. Chesisi ndiyo inayooza, tena kwa ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Fundi mzuri huanza kwa kuigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na mahali ambapo mlio unakuwa mzito hapaachi mpaka apakate na kupachomelea upya.

Halafu ndipo linakuja bamba. Injini ya Nissan na gia boksi ya Land Rover hazijuani. Matundu ya bolti hayalingani hata moja. Fundi anakata bamba nene, analitoboa matundu ya pande zote mbili, na asiyejua atadhani kazi imekwisha. Imebaki katikati. Ncha ya shafti ya gia boksi inaingia kwenye bushi ndogo mwishoni mwa krenki, na viwili hivyo lazima vizunguke kama kitu kimoja. Vikipishana nusu milimita tu, bushi inalika, klachi inatetemeka, na baada ya safari chache gia boksi inaanza kulia.

Nimemwona fundi mmoja akipima hilo bila chombo chochote cha dukani. Alifunga waya mgumu kwenye flaiwili, akaupinda hadi ncha yake ikagusa kidogo ukingo wa tundu kubwa la bamba, kisha akaizungusha flaiwili kwa mkono, polepole, sikio limeinama. Upande wa juu waya ulikwaruza. Chini ukapita kimya. Akalegeza bolti, akaligonga bamba kidogo mno kwa kipande cha mti, akazungusha tena. Kijana wa gereji akaingia na shikamoo yake. "Subiri kwanza, mwanangu," alijibu bila kugeuka. Marahaba ilikuja baadaye. Waya ulipokwaruza sawasawa pande zote, alitoboa matundu mengine mawili na kupigilia pini, ili bamba likifunguliwa siku nyingine lirudi palepale.

Uwanda huu wa Ufipa una mazoea ya kale ya kukichoma chuma mara mbili. Wafipa wa zamani walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa chuma cha jembe bado, kilikuwa donge lililochanganyika na mkaa na mavi ya chuma. Donge hilo lilihamishiwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, likachomwa upya mpaka likasafika, ndipo mhunzi akalipokea. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameandika kwa kirefu juu ya ufundi huo, uliokuja kuzimwa na majembe ya viwandani. Sidai kwamba fundi wa gereji amerithi chochote kwa wahunzi hao. Mafundi wengine hata si Wafipa. Ila kazi zao zinakutana hapa: kinachotoka kwenye moto wa kwanza, uwe wa ilungu au wa Solihull, ni malighafi.

Kinachonivutia zaidi kwa mafundi wa gereji ni kujizuia kwao. Ukiipa Land Rover injini yenye nguvu zaidi, kinachofuata kukatika ni shafti za ekseli ya nyuma, ambazo tangu mwanzo hazikuwa imara. Fundi mwenye pupa huweka injini kubwa na kupokea sifa wiki moja. Mwenye akili huchagua ya wastani, akamwonya dereva asiachie klachi kwa kishindo, akahamia kwenye breki za dramu, kwa maana mteremko wa kwenda Muze haujali umefunga injini gani. Kisha mwenye gari apeleke taarifa TRA, kadi ibadilishwe namba ya injini. Namba ya chesisi ni ileile.

Tunapenda kushangilia magari mapya yanayozinduliwa kwa shangwe: Nyayo Pioneer ya Kenya mwaka 1990, gari la umeme la Masoud Kipanya mwaka 2022. Na Oktoba 2024 Arusha iliandaa gwaride kubwa la Land Rover, nyingi zikiwa zimeoshwa zikameremeta. Sina ugomvi na hayo yote. Ila hizi za Ufipa hazina muda wa gwaride, na wapenzi wa magari ya kale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani wangeziona zimenajisiwa. Mimi naona kinyume: gari lililobaki kamili na kuozea uani halijaheshimiwa na mtu.

Fundi yule sasa ameletewa pikapu ya Peugeot 404, ndugu wa zile alizoshindia Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, mbio za East African Safari za 1966 na 1967. Mwenye gari anataka dizeli. Shida ni kwamba propela ya 404 imefichwa ndani ya bomba linaloungana na gia boksi. Huwezi kuikata na kuiunga kama ya Land Rover. Fundi amelala chini yake mara kadhaa na tochi. Bei bado hajataja.