Kiungo Mshambuliaji kama Mhusika: Je, Namba Zinaona?

Utangulizi

Wapo wenzetu watakaouliza: gemu la soka linaingiaje katika jarida la uhakiki? Swali ni halali na sitalikwepa. Katika makala yake ya 1989 kwenye Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi aliitazama fasihi simulizi kama tukio linalowakutanisha fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Basi nenda jioni kwenye banda lolote la gemu, uone kama kimojawapo kinakosekana. Mwenye pedi anatenda. Walioketi nyuma yake wakingoja zamu wanashangilia, wanazomea, wanaelekeza: "Mpe huyo wa kushoto, bwana!" Sisemi kwamba gemu ni ngano. Nasema tu kwamba zana tulizonazo darasani zinatosha kuanza kulisoma.

Katika makala haya nitamchunguza mhusika mmoja: kiungo mshambuliaji anayeundwa na mchezaji mwenyewe katika mfululizo wa gemu ulioanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, ukafika FIFA 23, na tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC. Ili tusichanganyikiwe, aliyeshika pedi nitamwita mtendaji, na yule wa kwenye kioo nitamwita mhusika. Hoja yangu ni kwamba gemu hili hutuambia tuko huru kumuumba mtu tumtakaye, ilhali limekwisha kuamua kabla yetu mtu wa maana ni yupi. Kiungo mshambuliaji, kuliko straika au beki, ndiye anayeufichua uamuzi huo.

Kuumbwa kwa mhusika

Mhusika huanza na mwili: sura, kimo, uzito, mguu anaoutumia. Haya si mapambo. Ukimrefusha na kumnenepesha anapata nguvu na kupoteza wepesi. Ukimfupisha anageuka upesi, lakini beki akimgusa bega anayumba. Baada ya mwili zinakuja namba. Yapo mafungu sita, yaani kasi, mashuti, pasi, chenga, ulinzi na nguvu, na kila fungu lina vipengele vyake ambavyo kikomo chake ni 99. Ndani ya fungu la pasi, kwa mfano, kuna krosi, mipira ya adhabu, pasi fupi, pasi ndefu, mpira wa kukata, na kipengele kinachonishughulisha zaidi: upeo wa kuona.

Pointi za kugawa hazitoshi kamwe, na umaskini huo ndio unaomzaa mhusika, kwa sababu ukimpa hiki umemnyima kile. Sasa tazama watendaji wengi wanavyogawa. Wanakimbilia kasi. Sababu wanayo: mhusika mwenye kasi husamehewa makosa, maana ukichelewa kufikiri miguu inakulipia deni. Lakini matokeo yake ni nini? Ni mawinga waliovalishwa jezi namba 10. Ukikutana na kumi kati yao, umekutana na mmoja. Huyo ndiye tunayemwita mhusika bapa: unajua atakalofanya kabla hajapokea mpira.

Juan Román Riquelme, Muargentina aliyetamba Boca Juniors na Villarreal, hakuwa mtu wa mbio. Aliweka mguu juu ya mpira, akaufanya mgongo wake ukuta, akangoja mpaka mwenzake afungue njia. Mimi niliamua kumjenga mtu wa ukoo huo: kimo cha wastani, upeo na pasi fupi juu kabisa, udhibiti wa mpira, mashuti kiasi, kasi ya kuombea. Hadhira ya bandani haikunionea huruma. "Mzee wako amechoka huyo, mpeleke nyumbani!" Hata hivyo, mzee huyo alinifundisha jambo ambalo wakimbiaji hawafundishi. Kwa kuwa hawezi kumtoroka mtu, hana budi kujua atampa nani kabla mpira haujamfikia. Udhaifu wake ndio uliompa tabia.

Nani anasimulia?

Gemu linatoa njia mbili za kuishi na mhusika huyu. Ya kwanza, mtendaji anaiongoza timu nzima, akiruka kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Huyu ni msimulizi anayejua yote, kama Mungu juu ya kijiji. Ya pili, mtendaji anafungwa kwa mhusika wake peke yake dakika zote. Mpira ukiwa kwa wengine hana la kufanya isipokuwa kutembea, kutafuta nafasi na kubonyeza kitufe cha kuuomba. Hii ni nafsi ya kwanza kamili, pamoja na mipaka yake yote. Wenzako wanafanya maamuzi ya kijinga mbele ya macho yako, na huwezi kuingia kichwani mwao.

Ni katika njia hii ya pili kwamba kiungo mshambuliaji hupata uzito. Chukua tukio moja. Umesimama baina ya kiungo mkabaji wa wapinzani na mabeki wao wa kati. Mpira uko kwa beki wenu wa kulia. Ukiuomba sasa hivi, utaupokea umelipa lango mgongo, na mtu amekukalia shingoni. Ukivumilia kidogo tu, mkabaji yule atavutwa kwenda kulia kuufuata mpira. Ndipo unateleza hatua mbili kushoto, unaupokea ukiwa umekwisha kugeuka, na straika wako ameanza kukimbia. Katika muda huo wa kuvumilia ni namba gani iliyofanya kazi? Hakuna. Namba za pasi zitausaidia mpira ufike salama. Nani apewe, lini, na kwa nini si yule mwingine anayepunga mkono, hayo hayamo katika namba yoyote. Namba haioni. Anayeona ni mtu.

Hapo ndipo gemu linapoachana na riwaya. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) tunaweza kubishana mpaka asubuhi kama Rosa aliangamizwa na malezi ya baba yake Zakaria, au na jamii, au na nafsi yake. Lakini hakuna msomaji anayeweza kumshika mkono akamrudisha. Mhusika wa gemu ana watunzi wawili: kampuni iliyoweka sheria za ulimwengu wake, na mtendaji anayeamua ndani ya sheria hizo. Swali la mhakiki ni lile lile la siku zote: kati ya watunzi hao wawili, nani ana nguvu?

Itikadi ya malipo

Jibu liko kwenye malipo. Kila mechi mhusika hupewa alama kati ya 10. Akifunga inapanda, akitoa pasi ya bao inapanda, akipoteza mpira inashuka. Sawa. Lakini tuchukue pasi ile inayomtoa beki mahali pake ili mwenzako ndiye atoe pasi ya bao. Mtazamaji makini uwanjani atanyanyuka kitini kwa pasi hiyo. Gemu huihesabu kama pasi nyingine yoyote iliyofika. Na je, kukimbia bila mpira ili umvute mkabaji, mwenzako apate upenyo? Kwenye jedwali la mabao na pasi za mabao hakuna safu ya kazi hiyo. Kwa hiyo kiungo mwenye akili hufunzwa taratibu kuwa na tamaa. Hakuna anayemkataza kuwa mkarimu. Ukarimu haulipwi tu, basi.

FIFA 23 ilikwenda mbali zaidi, ikampa mhusika haiba za aina tatu: mbinafsi anayetafuta bao lake, fundi wa madoido, na moyo wa timu. Haiba hizo hupatikana kwa matendo ya uwanjani na pia kwa mambo anayochagua na kununua nje ya uwanja, na kila haiba humwongezea namba zake. Kwa upande wa fani hili ni jambo zuri, maana mhusika anajengwa kwa matendo badala ya maneno ya msimulizi. Lakini tazama maudhui yake. Hata kuwa moyo wa timu kumegeuzwa mtaji: unawasaidia wenzako ili namba zako zipande. Utu umewekwa dukani pamoja na viatu.

Na uhuru tunaoahidiwa je? FIFA 17, ya mwaka 2016, ilileta hadithi ya Alex Hunter, kijana wa London ambaye babu yake Jim aliwahi kuwa mwanasoka. Mtendaji aliweza kumchezesha kama kiungo mshambuliaji, na kumchagulia majibu ya ukali, ya upole au ya kati na kati. Lakini cheza vizuri, cheza vibaya, msimu ule ule wa kwanza Hunter hutolewa kwa mkopo kwenda timu ya daraja la chini. Msuko umekwisha kuandikwa. Sisi tunachagua sauti ya kulalamikia tu. Na EA Sports FC 26, ya mwaka 2025, imemtaka mtendaji wa klabu achague kwanza aina ya mchezaji, aina zenyewe zikiwa zimechotwa kwa magwiji wa zamani. Yaani kabla mhusika hajazaliwa amekwisha kupewa ukoo.

Hitimisho

Nimesikia hoja kwamba haya ni makuzi ya vijana wavivu, hayahusiani na jamii. Naona kinyume chake. Sisi wasomaji wa jarida hili tumeingia chuoni kwa pointi, tunaishi kwa GPA, na tukitoka tutajiuza kwa karatasi yenye orodha ya sifa. Anayemweleza rafiki yake jambo gumu usiku kucha kabla ya mtihani ametoa pasi ambayo hakuna jedwali litakaloiandika. Gemu hili halikubuni itikadi hiyo. Limeichora waziwazi, mbele ya vijana wengi kuliko watakaosoma tamthiliya yoyote tunayoichambua humu.

Kwa hiyo udhaifu wa gemu kama kazi ya sanaa ni kwamba linamheshimu kiungo kwa kile kinachohesabika, na ubora wake ni kwamba, bila kukusudia, linamwachia mtendaji ule muda mdogo wa kuvumilia ambao hauhesabiki. Mhakiki anayetaka kujua mtendaji ni mtu wa namna gani asiangalie namba alizompa mhusika wake. Amwangalie pale ambapo straika yuko peke yake na lango liko wazi kwa wote wawili. Atapiga, au atatoa?