Kidonge cha Saa Nane Mchana

Cheti kilikuwa na mstari mmoja: feras salfeti miligramu 200, moja kutwa mara tatu, mwezi mzima. Mgonjwa ni mama asiye mjamzito, wekundu wa damu 9.2, feritini (ghala la chuma) 8. Upungufu wa chuma umetambuliwa vizuri na dawa ni yenyewe. Kilichoharibu kazi yote ni hiyo "mara tatu", na kwa tunayoyajua leo haina utetezi.

Tukifuate kidonge. Saa mbili asubuhi kinashuka na takribani miligramu 60 za chuma chenyewe. Kwa feritini 8 hepsidini, homoni ya ini inayozuia chuma kuingia, iko chini kabisa; feropotini, mlango wenyewe wa chuma, imejaa kwenye ukuta wa duodenamu, chuma kinavuka na transferini, mbebaji wake kwenye damu, inakidaka, atomu mbili kwa kila molekuli. Safi. Lakini ujazo wa transferini ukiruka hivyo, ini linausoma kupitia kipokezi cha transferini aina ya pili na kuanza kumwaga hepsidini. Ikifika mchana hepsidini imeshapanda. Inaing'ang'ania feropotini, na seli inaimeza na kuivunja. Ni wakati huohuo, saa nane, mama anameza kidonge cha pili kama alivyoambiwa.

Kiende wapi? Sehemu inaingia kwenye seli za utumbo na kufungiwa humo ndani ya feritini, mpaka seli zenyewe zinapobanduka baada ya siku chache na kutoka na choo. Iliyobaki haivuki popote. Inateremka hadi utumbo mpana, tumbo linavurugika, choo kinakuwa cheusi na kigumu. Cha saa mbili usiku nacho ni hivyohivyo. Wiki ya pili mama akaacha dawa, na kwenye faili lake pakaandikwa kwamba hafuati maelekezo. Maneno hayo yaliniudhi kuliko cheti chenyewe.

Na hili si jambo la jana. Diego Moretti na wenzake wa Zurich walilichapisha mwaka 2015: ukimeza miligramu 60 au zaidi, hepsidini hubaki juu hadi saa 24, na dozi ya kesho yake hufyonzwa pungufu kwa asilimia 35 hadi 45. Waliongeza dozi mara sita, kutoka 40 hadi 240, chuma kilichoingia kikaongezeka mara tatu tu. Mwaka 2017 kundi hilohilo likaonyesha kuwa kuruka siku kunaingiza chuma kingi zaidi kwa idadi ileile ya vidonge.

Wazee wa fani hii wasingeikubali hiyo "mara tatu". Clement Finch, kule Seattle, alitumia chuma chenye mionzi kufuatilia mwendo wake ndani ya damu, miaka mingi kabla hepsidini haijajulikana. Plazima nzima ina miligramu tatu hivi kwa wakati mmoja, lakini kwa siku zinapita 20 hadi 25, nyingi zikielekea kwenye uboho. Karibu zote zinatoka kwa makrofaji zinazovunja chembe nyekundu zilizozeeka. Kwa mtu mzima mwenye afya utumbo unachangia moja au mbili. Finch alisoma mwendo. Sisi tunahesabu vidonge.

Kwa mama huyu kasoro haikuwa huko kwenye uboho. Transferini ilifanya kazi yake bila dosari: ikashika kipokezi, ikavutwa ndani, asidi ya endosomu ikaachanisha chuma, nayo ikarudi tupu kwenye damu kubeba tena.

Lingine nimelisema sana na nitalisema tena: kipimo cha marudio kilikuwa chuma cha seramu peke yake, damu ikachukuliwa saa chache baada ya kidonge. Lazima kisome juu. Na angekuwa na homa kingesoma chini hata kama ghala limejaa. Bila feritini na ujazo wa transferini, namba hiyo haitibu mtu.

Mjamzito ana mwongozo wake wa kila siku, simgusi hapa. Kwa mama huyu ningeandika kidonge kimoja asubuhi kabla ya kula, siku moja ameze, inayofuata apumzike. Chai aisubirishe kwa muda wa saa mbili. Wekundu wa damu upimwe tena baada ya wiki nne.